Mabasi Mawili, Barabara Moja: Mwongozo Kamili wa Kupakia Abiria na Kuweka Kanuni za Tiketi kwenye Ruti Zinazoingiliana

Niliwahi kusimama mlangoni mwa basi saa sita usiku, mbele yangu baba mmoja wa makamo na kijana mmoja, kila mmoja kashika tiketi ya siti 14. Tarehe ileile, safari ileile, muhuri uleule. Baba alikuwa ameikalia siti hiyo tangu mwanzo wa safari. Kijana alikuwa anapandia kituo cha tatu. Nilizigeuza zile tiketi mara tatu nikitafuta ya bandia, nisiione. Zote zilikuwa halali, na kondakta alikuwa ananitazama kana kwamba siti ya ziada iko mfukoni mwangu.

Chanzo tulikijua kesho yake. Ofisi ya kituo cha kwanza ilikuwa na daftari lake, ofisi ya kituo cha tatu nayo ilikuwa na lake, na miezi kadhaa nyuma watu wawili walikuwa wamekubaliana kwa simu kwamba siti 11 hadi 20 "ni za huko mbele". Mmoja wao alipoacha kazi, makubaliano yaliondoka naye.

Tangu usiku ule huwa nasema ugomvi wa mlangoni hutengenezwa ofisini, siku kadhaa kabla basi halijawashwa. Mwongozo huu ni wa yule anayepanga: msimamizi wa stendi, karani wa tiketi, kondakta mkuu, au mwenye mabasi mawili matatu ambaye ruti zake zimeanza kukanyagana.

Hatua ya 1: Chora ruti zote kwenye karatasi moja

Usianze na kanuni, anza na kalamu. Chora ruti zako zote pamoja, si kila moja na karatasi yake, maana unachokitafuta ni pale zinapokanyagana.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Basi la Kwanza linatoka A, linapita B, C na D, linaishia E. Basi la Pili linatoka X, linaingia barabara hiyohiyo pale B, linapita C na D, kisha linachepuka kwenda F. Kila moja lina siti 45.

Basi la Kwanza lina vituo vitano, kwa hiyo lina vipande vinne vya njia: A–B, B–C, C–D na D–E. Lakini safari linazoweza kuuza ni kumi, kwa sababu abiria anaweza kupandia popote na kushukia popote mbele yake. Kuzipata, zidisha idadi ya vituo kwa idadi hiyo pungufu ya moja, kisha gawanya kwa mbili. Vituo vitano vinatoa safari 10, vinane vinatoa 28, kumi na viwili vinatoa 66. Bosi akikwambia "tuongeze kakituo kamoja tu" kwenye ruti ya vituo vinane, mjibu kwamba anaongeza safari nane mpya za kupangiwa nauli na kusimamiwa.

Sasa zungushia safari ambazo mabasi yote mawili yanaweza kuziuza. Ni tatu: B–C, C–D na B–D. Hizo tatu ndizo zitakazokula muda wako. Anayekwenda E hana ubishi, basi lake ni moja. Anayetoka B kwenda D ana mabasi mawili, na kila ofisi inamhesabu kuwa ni wake. Kuna pia abiria wa A kwenda F na wa X kwenda E, ambao lazima wabadilishe basi njiani. Hao tutawarudia.

Kabla hujaiweka kalamu chini, soma leseni. Si kila safari unayoweza kuiuza unaruhusiwa kuiuza. Ujerumani ilipofungulia mabasi ya masafa marefu mwaka 2013 iliweka sharti kwamba tiketi zisiuzwe kati ya vituo vilivyokaribiana chini ya kilomita 50, ili treni za mikoani zinazopewa ruzuku zisinyang'anywe abiria. Huko California, Marekani, mabasi yanayopeleka abiria kwenye treni za Amtrak, shirika la reli za abiria la Marekani, zinazofadhiliwa na jimbo kwa kawaida hayakuruhusiwa kumuuzia tiketi mtu asiyeunganisha na treni, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2019. Kama leseni yako ina sharti la namna hiyo, liandike pembeni ya kila kituo kwenye mchoro: kupanda na kushuka, kupanda tu, au kushuka tu. Karani asiachiwe kukumbuka kichwani.

Hatua ya 2: Siti igawe kwa vipande vya njia

Siti 14 kwenye Basi la Kwanza si kitu kimoja. Ni vitu vinne vinavyouzwa pamoja au mbalimbali. Mtu akishuka B, siti hiyohiyo inaweza kumbeba mwingine kutoka B hadi D, na wa tatu kutoka D hadi E, wote watatu bila kuonana.

Tengeneza jedwali. Mistari ni siti, 1 hadi 45. Safu ni vipande, vinne. Kila tiketi inayokatwa inapaka rangi visanduku vyake vyote: tiketi ya A–D inapaka A–B, B–C na C–D. Sheria ya kuuza ni fupi: kama kisanduku kimoja tu kati ya unavyovihitaji kimeshapakwa, siti hiyo si yako, tafuta nyingine. Yule kijana wa siti 14 alipandia C. Lau jedwali lingekuwa moja, kisanduku cha C–D kingekuwa tayari na rangi ya tiketi ya baba, na karani angempa siti 31 bila mtu kujua kwamba kulikuwa na hatari.

Kwa hiyo jedwali liwe moja tu kwa kila safari ya basi, tangu A hadi E. Programu ya tiketi ikiwepo, hakikisha inauza kwa vipande na si kwa safari nzima. Jaribio lake ni dogo: kata tiketi ya A–B kwenye siti fulani, halafu jaribu kuuza B–E kwenye siti hiyohiyo. Ikikataa, programu hiyo inakupotezea siti kila siku. Kisha jaribu kinyume, kata A–C, ujaribu kuuza B–D kwenye siti ileile. Ikikubali, ifungie kabatini.

Kama mnatumia daftari na simu, karani mmoja awe ndiye mwenye jedwali. Wakala anapiga, karani anasoma: namba ya safari, tarehe, siti, kutoka wapi, hadi wapi. Wakala anarudia vilevile. Hapo ndipo anapoandika tiketi, si kabla. Inachosha, najua. Kwa kituo ambacho mtandao hupotea, mpe wakala siti chache za kwake, tuseme tatu, zenye saa ya kurudishwa. Zisizouzwa mpaka saa hiyo zinarudi kwa karani mkuu. Kosa la ofisi ile halikuwa kugawa siti. Waligawa bila kuandika, na bila kuweka mwisho.

Hatua ya 3: Amua kama tiketi ni ya basi au ya njia

Hili ndilo swali ambalo wengi huliruka. Abiria kakata tiketi ya B–D. Je, kanunua nafasi kwenye Basi la Kwanza, au kanunua haki ya kufika D kwa basi lolote lako?

Tiketi ya basi humfunga abiria kwenye safari moja. Faida yake ni kwamba orodha ya abiria inaaminika na siti ina uhakika. Hasara yake huonekana pale Basi la Pili linapofika B mapema, liko nusu tupu, na watu kumi wenye tiketi za Basi la Kwanza wanalitazama likiondoka. Tiketi ya njia humwachia abiria apande linalotangulia. Ni tamu kwa abiria mpaka siku watu sitini watakapotaka kupanda basi la kwanza kufika.

Msimamo wangu, baada ya kuzijaribu zote mbili: kata tiketi ya basi, lakini ruhusu kuhama. Abiria wa zile safari tatu za pamoja aweze kuhamia basi jingine mara moja, bila kulipia, kwa masharti mawili: nafasi iwepo, na mabadiliko yaingie kwenye majedwali yote mawili kabla mguu wake haujakanyaga ngazi. Sharti la pili lisiwe na mjadala. Ukimpandisha kwanza uandike baadaye, siti yake kwenye basi la kwanza inaendelea kuonekana imejaa, na mtu wa C anaambiwa hakuna nafasi wakati siti inapita tupu.

Kama mabasi ni ya kampuni mbili zilizokubaliana kubadilishana abiria, ongeza jambo moja kwenye mkataba: nauli inamfuata aliyembeba, si aliyekata tiketi, na hesabu zinapigwa kwa vipande vilivyosafiriwa. Bila hilo, kila kondakta atamkataa abiria wa mwenzake, kwa sababu hapati kitu kwa kumbeba.

Sasa kinachoandikwa kwenye tiketi. Namba ya safari iwe kubwa kuliko maandishi mengine yote, kwa sababu mabasi mawili yaliyosimama B yote yana kibao kinachosema "D", na abiria anayesikia D ikitajwa atapanda lililo karibu. Kituo cha kupandia na cha kushukia viandikwe kwa majina kamili. Namba ya gari usiiandike, maana magari hubadilishwa dakika za mwisho na utazua hofu ya bure.

Saa ina mitego miwili. Wa kwanza ni tarehe: basi linaloondoka A saa nne usiku tarehe 4 linapita C usiku wa manane, na hapo ni tarehe 5. Tiketi ya abiria wa C iandikwe tarehe 5, siku anayopanda yeye, si siku basi lilipoanza safari. Wa pili ni wetu wenyewe tunaosema Kiswahili. Mashine inachapa 02:00, abiria anasoma saa mbili, na anakuja saa mbili asubuhi akiwa na begi lake, basi likiwa limepita saa sita zilizopita. Chapa zote mbili: "02:00, saa nane usiku". Ni maneno matatu tu.

Hatua ya 4: Wakinge abiria wa mbali bila kuwaonea wa karibu

Mtu wa C–D anachukua kipande kimoja. Lakini akikata tiketi wiki moja kabla kwenye siti iliyo wazi kabisa, anaifanya siti hiyo isiweze tena kumbeba abiria wa A–E, ambaye hana basi jingine. Umeuza kipande kimoja, umeua vinne.

Dawa ya kwanza ni kuziba mapengo. Abiria wa safari fupi apewe siti ambayo tayari imeuzwa baadhi ya vipande, na kati ya hizo, ile ambayo pengo lake linamtosha bila kubaki. Anayetaka B–D akikuta siti moja imeuzwa A–B na D–E, na nyingine iko wazi yote, mpe ya kwanza hata kama iko nyuma.

Dawa ya pili ni mgawo wenye tarehe ya kufunguliwa. Tuseme kwenye Basi la Kwanza unaruhusu siti 10 tu ziuzwe kwa safari tatu za pamoja mpaka siku mbili kabla ya kuondoka. Siku mbili zikifika, kilichobaki kinafunguliwa kwa yeyote. Namba 10 na siku mbili ni za mfano. Za kwako zitoe kwenye orodha za zamani: tazama safari ishirini zilizopita, uone abiria wa mwisho wa A–E huwa anakata tiketi lini. Kama kawaida yao ni siku tatu kabla, kushikilia siti mpaka saa ya mwisho ni kubeba hewa.

Dawa ya tatu ndiyo tamu ya ruti zinazoingiliana. Wakati Basi la Kwanza limefunga mgawo wake wa B–D, karani asiseme "limejaa". Aseme "lipo Basi la Pili" na akate tiketi hapohapo.

Hatua ya 5: Namba ya siti itolewe kwa kuchelewa

Hapa kuna fumbo dogo linalowasumbua hata makarani wazoefu. Siti 7 imeuzwa A–C. Siti 8 imeuzwa C–E. Anakuja abiria wa A–E. Ukihesabu watu, nafasi ipo: kila kipande cha njia kina siti moja tupu. Ukitazama jedwali, hakuna siti hata moja iliyo wazi mwanzo hadi mwisho. Atabidi akae siti 8 mpaka C, kisha ainuke ahamie siti 7.

Suluhisho ni kumhamisha yule wa C–E kwenye siti 7, inayoachwa wazi pale C. Siti 8 inakuwa huru yote na mgeni wetu anakaa bila kuinuka. Lakini unaweza kufanya hivyo tu kama mtu wa C–E hajaambiwa namba. Akishachapiwa "8, dirishani", ukimhamisha umemdhulumu.

Kwa hiyo wauzie wa mbali namba ya siti mapema, maana kwao ni sehemu ya walicholipia. Wa vipande vifupi waandikie "siti itatolewa kituoni", na uwapange jioni ya kuamkia safari ukiwa na orodha karibu kamili. Walemavu, wajawazito na wenye watoto wachanga wapewe namba tangu mwanzo, karibu na mlango, hata kama safari yao ni fupi. Na wale wanaosafiri pamoja wawekwe kwenye tiketi moja ya kundi, la sivyo upangaji wako utamkalisha mtoto wa miaka sita siti 3 na mama yake siti 40.

Hatua ya 6: Andika kanuni za mlangoni kabla hazijahitajika

Kanuni ni nzuri pale tu kondakta anapoweza kuisoma kwa sauti mbele ya abiria aliyekasirika. Zifuatazo ndizo ninazoziona haziepukiki.

*Kufunga mlango.* Weka dakika maalumu kabla ya kuondoka, mfano dakika 15 kituo cha kwanza na 5 vya njiani. Kwenye vituo vya njiani saa ihesabiwe kwa ratiba, si kwa basi lilivyofika: basi likiwahi, lisiondoke kabla ya saa yake.

*Asiyetokea.* Siti yake iachiliwe baada ya mlango kufungwa pale alipotakiwa kupandia, si dakika moja kabla. Na je, mwenye tiketi ya A–E ambaye hakupanda A anaweza kupandia B? Hili huzua ugomvi mkubwa kuliko unavyodhani. Abiria anaona: nimelipia njia nzima, nimekusamehe kipande, tatizo nini? Tatizo ni kwamba karani alishaiuza siti yake basi lilipotoka A. Andika hivi: anaweza, akitoa taarifa kabla mlango wa A haujafungwa. Akitoa, kisanduku cha A–B kinafunguliwa na vingine vinabaki vyake. Asipotoa, vyote vinafunguliwa.

*Kushuka kabla.* Ruhusa, bila kurudishiwa tofauti, ila kondakta aambiwe ili kipande kilichobaki kiuzwe.

*Kupitiliza.* Hapa nipe nafasi niikumbuke asubuhi moja pale C. Kondakta kasimama kwenye ujia wa kati, mbele ya mama aliyekaa siti 19, na nje kuna mwanafunzi mwenye tiketi ya siti hiyohiyo kutoka C.

"Shikamoo mama. Hapa ndipo C, tumefika."

"Marahaba mwanangu. Mimi naendelea mpaka D. Nitalipa mbele kwa mbele."

"Tiketi yako inaishia hapa mama, na siti hii ina mwenyewe, yuko mlangoni."

"Basi mtafutie pengine, mie miguu inaniuma."

Kondakta yule alifanya sawasawa. Hakubishana. Alifungua orodha, akaona siti 22 iko wazi C–D, akamwomba mama ahamie pale, akampokea nauli ya kipande na kumwandikia tiketi kabla basi halijatingishika. Isingekuwepo siti, jibu lingekuwa Basi la Pili, ambalo lilikuwa nyuma kwa dakika ishirini. Muhimu ni kwamba kila kitu kilimalizika C, basi likiwa limesimama. Ukigundua mtu kapitiliza kilomita kumi mbele, huna tena cha kumfanya zaidi ya kulipisha na kununa.

*Kuunganisha.* Abiria wa A–F anashuka D na kupanda Basi la Pili. Ukimuuzia tiketi moja ya A–F, umebeba dhamana: Basi la Kwanza likichelewa, ni wewe unayetafuta namna ya kumfikisha. Ukimuuzia mbili, A–D na D–F, mwambie waziwazi kwamba dhamana hiyo haipo, na iandikwe. Usimuuzie moja halafu ukajitetea kama umeuza mbili. Na kati ya mabasi mawili weka nafasi inayotokana na ucheleweshaji halisi: kama Basi la Kwanza huchelewa nusu saa mara kwa mara pale D, kiunganishi cha dakika ishirini usikiuze kabisa.

Hatua ya 7: Kupakia

Mizigo kwanza. Kila begi lifungwe lebo ya kituo cha kushukia, kipande kingine cha namba abaki nacho abiria. Mizigo ya E iingie ndani kabisa mwa buti, ya D ifuate, na ya B ikae mlangoni. Anayepandia B na kushukia E ndiye anayeharibu mpangilio huu, kwa hiyo acha sehemu moja ya buti kwa mizigo ya mbali itakayopandia njiani. Kama buti lina milango pande zote mbili, tumia wa upande wa mbali na barabara, hata kama mwingine uko karibu.

Pale B, ambapo mabasi yote mawili yanaweza kuwepo kwa pamoja, usiyapakie kwa foleni moja. Weka foleni mbili zenye mabango ya namba za safari, na mtangazaji aite namba, asiite mji. "Safari ya 204, kushoto" ni bora mara mia kuliko "D! D! D!". Kila tiketi ikaguliwe mara mbili: mkaguzi wa foleni anatazama namba ya safari na tarehe, kondakta wa mlangoni anatazama kituo cha kushukia na kuweka alama kwenye orodha. Kondakta asome kituo kwa sauti, "unashukia D", abiria aitikie. Nusu ya waliopotea hujikamata wenyewe hapo.

Wanaoshuka washuke kwanza, wote, kabla wa kupanda hata mmoja hajaingia. Inaonekana jambo la wazi. Nenda stendi yoyote yenye haraka uone.

Hatua ya 8: Hesabu ya vichwa njiani

Kila kituo, kondakta afanye hesabu hii kwenye orodha: waliokuwemo, toa walioshuka, ongeza waliopanda. Basi limefika B na watu 31, wakashuka 6, wakapanda 14, linaondoka na 39. Kisha atembee kutoka siti za nyuma hadi mbele akihesabu vichwa kwa macho. Akipata 40, kuna aliyepitiliza au aliyepanda bila tiketi. Akipata 38, kuna aliye chooni bado, na hiyo 1 ndiyo sababu ya kuhesabu kabla ya kuwasha gari. Watoto wa mapajani wahesabiwe pembeni, "39 na 2", wasichanganywe.

Kwa safari za usiku, kadi ndogo ya rangi juu ya kila siti, rangi kwa kituo cha kushukia, humwezesha kondakta kuwaamsha wa C bila kuwasha taa za basi zima.

Hatua ya 9: Mambo yakienda mrama

Gari limeharibika na la akiba lina siti 36 badala ya 45. Nani abaki? Usianze na aliyechelewa kufika wala na mnyonge asiyejua kupiga kelele. Anza na wenye njia nyingine: wa B–C, B–D na C–D, kwa sababu Basi la Pili linaweza kuwabeba. Waombe wanaojitolea kwanza, na uwape kitu kwa usumbufu wao. Wakiisha hao, fuata mpangilio wa aliyekata tiketi mwisho.

Kwa fidia, kama kampuni yenu haina kipimo, kipo cha kuazima. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 181 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inahusu huduma za kawaida za mabasi kwenye njia ya kilomita 250 au zaidi. Safari ikifutwa, ikichelewa kuondoka zaidi ya dakika 120, au siti zikiuzwa kupita kiasi, abiria apewe uchaguzi kati ya kufikishwa kwa njia nyingine na kurudishiwa nauli. Asipopewa uchaguzi huo, anadai nauli pamoja na nusu yake juu. Ninachokipenda hapo ni kwamba adhabu haimwangukii aliyepata pancha. Inamwangukia aliyenyamaza.

Abiria wakihamishwa katikati ya njia, ihamishwe na orodha. Kondakta anayepokea asaini majina, vituo vya kushukia na namba za mizigo. Nimeona watu wakifika salama na mabegi yao yakifika siku iliyofuata mji mwingine, kwa kuwa aliyehamisha watu hakuhamisha karatasi.

Hatua ya 10: Funga orodha

Basi likifika E, orodha irudi ofisini ikiwa na mambo manne: wasiotokea na kituo chao, waliohama basi, waliopitiliza na walicholipa, na wale walioachwa kituoni kwa kukosa nafasi. Hili la mwisho makondakta hawapendi kuliandika, kwa sababu linafanana na kukiri kosa. Waambie wazi kwamba hakuna atakayeulizwa kwa kuliandika.

Kila Ijumaa weka orodha za mabasi yote mawili mezani pamoja. Ukiona pale B Basi la Kwanza liliacha watu wa D safari tatu mfululizo, na Basi la Pili likapita na siti tisa tupu, mgawo wa hatua ya 4 umekosewa. Punguza siti za pamoja kwenye la kwanza, fungua zaidi kwenye la pili, na umpigie wakala wa B umwambie mabadiliko kabla hajaanza kukata tiketi za wiki ijayo. Kisha uandike mahali kwamba umempigia.